Mpaji, Mpokeaji na Jirani: Uhakiki wa Ukurasa wa Kwanza wa Vim

Chombo cha kuandikia hakihesabiwi aghalabu miongoni mwa maandishi. Kalamu husifiwa kwa wino wake, karatasi kwa weupe wake na taipureta kwa wepesi wa vibonye vyake, lakini si desturi ya wahakiki kuisoma kalamu. Kompyuta imeleta jambo geni. Kihariri matini, yaani programu ambayo ndani yake maandishi mengine hutungwa, husahihishwa na kuhifadhiwa, ni maandishi tangu juu hadi chini. Amri zake ni maneno; maelezo yake yamegawanywa kwa sura; ukurasa wake wa kwanza una kazi ileile ya dibaji. Chombo cha namna hii chaweza kuulizwa maswali yaulizwayo kitabu: kimetungwa na nani, kinasema na nani, na humweka msomaji wake mahali gani?

Miongoni mwa vihariri vyote, kimoja kinawahusu watu wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, nacho ni Vim. Asili yake ni Vi, programu ambayo Bill Joy aliitengeneza mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Zamani zile mtumiaji aliweza kuketi mbele ya mashine iliyounganishwa na kompyuta ya mbali kwa waya wa simu, na kila herufi iliyopita katika waya ule ilikwenda polepole. Maneno marefu yalikuwa hasara. Basi amri zikafupishwa zikawa herufi mojamoja. Mashine ya ADM-3A, aliyoitumia Joy, ilikuwa imechorwa mishale juu ya herufi h, j, k na l. Ndiyo sababu hata leo herufi hizo humpeleka mwandishi kushoto, chini, juu na kulia. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1961, alianza mwaka 1988 kuitengeneza programu ya jamii hiyo kwa ajili ya kompyuta yake ya Amiga, na mwaka 1991 akaitoa hadharani. Tangu hapo imeenea katika kompyuta za kila namna, na watunga programu wengi huipenda kama fundi apendavyo randa iliyokwisha kuzoea mkono wake.

Kwa miaka mingi, mtu aliyeifungua Vim pasipo faili alikutana na mistari michache katikati ya kioo kitupu. Mistari hiyo ilitaja jina la programu, toleo lake na jina la mtungaji. Ikasema kwamba programu ni huria na yaweza kugawanywa bure. Kisha, mara kwa mara, ikamsihi msomaji awasaidie watoto maskini wa Uganda. Chini yake palikuwa na maelekezo ya namna ya kutoka na ya namna ya kupata msaada. Jambo la kwanza lipasalo kutazamwa na mhakiki ni neno hili msaada, maana limetumika kwa maana mbili katika nafasi iliyo ndogo kuliko kiganja. Msaada wa watoto ni sadaka. Msaada wa msomaji ni maelezo. Ukurasa umewagawa watu katika mafungu mawili kwa neno moja: wenye kuhitaji fedha, na wenye kuhitaji kufundishwa amri.

Walakini ni haki kutambua kwanza uzuri wa ukurasa huu. Wasomaji wa tendi za pwani wanajua desturi ya mtunzi kujitaja mwishoni mwa kazi yake, kuhesabu beti, kuwaomba wajuzi wasahihishe alipokosea, na kuomba dua. Wanakili wa miswada, kama Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, waliishi katika desturi hiyo ambayo kazi ya mkono haikabidhiwi msomaji bila neno la mwenye mkono. Ukurasa wa Vim ni wa ukoo wa maneno hayo, ijapokuwa umewekwa mbele badala ya nyuma. Tofauti yake ni moja tu, nayo ni tofauti ya heshima: mnakili huomba dua kwa ajili ya nafsi yake, lakini Moolenaar aliomba kwa ajili ya wengine. Kazi ambayo angeweza kuiuza aliitoa bure, na ujira wake akauelekeza kwa watoto wasiomjua.

Wala maneno yake hayakuwa maneno matupu. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, akafanya kazi ya kujitolea kwa muda wa mwaka mmoja hivi katika mambo ya maji na usafi. Wilaya ile ilikuwa imepigwa vibaya na UKIMWI. Huko Kasensero, kando ya Ziwa Viktoria, ndiko ulikotambuliwa mwaka 1982 ugonjwa ambao wenyeji waliuita kwa jina la kukonda, na katika miaka iliyofuata watoto wengi walibaki bila wazazi. Aliporudi kwao alianzisha shirika dogo lililoitwa ICCF Holland, ili likusanye fedha za kituo cha watoto cha Kibaale. Mtu aliyeona kwa macho, akakaa, akarudi, na akaendelea kukumbuka kwa karibu miaka thelathini, hastahili kuwekwa katika fungu la wale wapitao Afrika kwa safari ya wiki moja na kurudi na picha.

Baada ya kusema hayo, uhakiki hauna budi kuuliza swali lake: ukurasa huu humfikiaje msomaji asiyekusudiwa? Achukuliwe kwa mfano mtunga programu akaaye Kizota, upande wa magharibi wa jiji la Dodoma, penye viwanda, karakana na maghala ya nafaka ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Watu wa namna hii si wachache tena katika mji huu. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya Dodoma makao makuu ya nchi ulikawia kutimia, lakini baada ya mwaka 2016 wizara zimehamia kweli, na pamoja nazo kazi za mifumo ya kompyuta ya serikali. Na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya elimu ya kompyuta. Kijana huyu hufungua Vim asubuhi ili arekebishe programu ya mishahara au ya mizani ya mahindi. Kioo kinamwomba awasaidie watoto maskini wa nchi jirani. Yeye ni nani katika ombi hilo?

Ukurasa unawajua watu wawili tu. Wa kwanza ni mpaji, naye ndiye asomaye. Anadhaniwa kuwa na kompyuta, fedha za ziada, na umbali wa kutosha hata jina la Uganda limguse kama jina la mahali pasipojulikana. Wa pili ni mpokeaji, naye hutajwa tu. Hasemi wala hasomi. Msomaji wa Kizota hafanani na yeyote kati ya wawili hao. Ana kompyuta, lakini hana umbali. Maelezo marefu yaliyomo ndani ya Vim husema kwamba Kibaale ipo karibu na Tanzania, na hapo Tanzania hutumika kama mti wa njiani, alama ya kumwonyesha mgeni mahali palipo. Kwa Mtanzania, Rakai si nukta ya ramani. Mwaka 1979 askari wa Tanzania walipita Mutukula kwenda Masaka, na njia hiyo hupita katika nchi ileile. Na msiba ulioanza upande wa Kasensero ulivuka mpaka, ukaonekana Kagera mwaka 1983. Aliyefiwa pamoja na mwenzake hawezi kuambiwa kwamba kuna mfiwa mahali fulani. Huyo ni mtu wa tatu, ambaye ukurasa haukumwekea kiti: ni jirani.

Kwa msomaji wa Ugogo jambo hili lina uchungu mwingine zaidi. Nchi hii ya mvua haba imewahi kujulikana kwa wengine kwa njia ya uhitaji wake. Njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliwaua watu wengi baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua mifugo, nafaka na wachukuzi, kisha mvua ikakosekana. Lakini katika mizaha ya watu wa miji mingine, habari ya vita, unyang'anyi na ukame imesahauliwa, na kilichobaki ni jina la ombaomba kubandikwa juu ya Mgogo. Aliyekwisha kubeba jina la namna hiyo anatambua upesi jinsi linavyotengenezwa. Halitengenezwi kwa uongo, maana njaa ilikuwapo kweli; hutengenezwa kwa kuchagua ukweli mmoja na kuurudia mpaka mwingine usikike tena. Vivyo hivyo mamilioni ya watumiaji wa Vim, ambao hawatasoma kitabu chochote kuhusu Uganda, wamelijua jina la nchi hiyo likiandamana daima na neno maskini.

Yaweza kujibiwa kwamba sadaka haina muda wa kuchagua adabu za maneno, na kwamba mtoto aliyelipiwa karo hajali sentensi iliyomletea fedha. Jibu hili lina nguvu, na mhakiki asilidharau. Hakuna sababu ya kutamani kwamba Moolenaar angenyamaza. Lakini swali la uhakiki si kama sadaka ilikuwa njema; ni kama sadaka ndiyo habari yote ambayo chombo hiki kinayo kwa watu wa Afrika Mashariki. Hapo mhakiki akiendelea kusoma, akaupita ukurasa wa kwanza, anakuta jambo la ajabu. Sura ya maelezo inayofunguka kwa kuandika jina la Uganda haina habari za Kibaale peke yake. Imebeba pia leseni ya programu nzima. Ombi na sheria zimelala katika sura moja. Ombi humtaja Mwafrika kama mpokeaji. Sheria humruhusu mtu yeyote, pasipo kuuliza kabila wala taifa lake, kuitumia programu, kuinakili, kuibadilisha, na kuigawa ikiwa imebadilishwa, maadam afuate masharti machache. Aliyeomba hisani kwa sauti alitoa haki kwa sauti ya chini.

Tofauti ya sauti hizi mbili huonekana vizuri zaidi Vim ikilinganishwa na mpinzani wake wa zamani, Emacs. Emacs ilizaliwa mwaka uleule wa 1976 katika chuo cha MIT, na Richard Stallman aliitoa upya mwaka 1985 katika jamii ya programu za GNU. Katika mwaka huohuo alichapa tamko lake la kueleza kwa nini programu yapasa kuwa huru. Kwa Stallman, kugawana programu si ukarimu bali ni wajibu, na anayezuiliwa kuisoma na kuibadilisha amenyimwa haki yake. Wafuasi wa vihariri hivi viwili wamelumbana kwa muda mrefu, wakijibizana kama washairi wa magazeti ya zamani, kila mmoja akitetea mtindo wake na kuutia dosari wa mwenziwe. Aghalabu wamebishana juu ya wepesi wa vidole. Jambo kubwa zaidi wameliacha pembeni: kwamba vyombo hivi vina maadili mawili tofauti, moja la sadaka na moja la haki, na kwamba msomaji aliye mbali na vyuo vya Marekani ana sababu ya kuyapima yote mawili.

Haki ya kubadilisha, hata hivyo, ni maneno tu mpaka kipatikane kitu kinachohitaji kubadilishwa. Kitu hicho kimo katika sarufi ya Vim. Amri zake zimejengwa kama sentensi: kwanza kitenzi, kisha kinachotendewa. Herufi d ni kufuta, c ni kubadilisha, y ni kunakili; herufi w ni neno. Basi dw ni kufuta neno, na d3w ni kufuta maneno matatu. Anayezijua herufi hizi haziwazii tena. Vidole vyake husema kabla ya kinywa. Ugumu wa kujifunza umekuwa kama jando katika utamaduni wa watunga programu: aliyelipita hujivuna, na asiyejua hata namna ya kutoka huchekwa. Mwaka 1976 ufupi wa amri ulikuwa dawa ya waya wa polepole. Waya umekwisha, na dawa imebaki kuwa alama ya ukoo.

Mwandishi wa Kiswahili akikaa mbele ya sarufi hiyo hugundua kwamba neno lililokusudiwa na herufi w si neno lake. Katika Kiingereza mtenda, wakati, tendo na mtendewa husimama mbalimbali, kama watu wanne barazani, na amri ya neno humwondoa mmoja pasipo kuwasumbua wengine. Katika Kiswahili wote wanne wameingia nyumba moja. Akiwa ameandika nitakuandikia, naye ataka wakati uwe uliopita, mabadiliko yote ni silabi moja, ta kuwa li. Akiwa ataka watendewa wawe wengi, ni ku kuwa wa. Lakini amri ya neno hufuta mtenda, wakati, mtendewa na tendo kwa pigo moja. Chombo kina kipimo cha herufi na kipimo cha neno. Kati ya viwili hivyo, pale ambapo Kiswahili hufanyia kazi yake nyingi, hakikuwekwa kipimo. Hili si kosa la Moolenaar. Kila chombo kimezoea udongo wa nchi yake, na jembe la mchanga wa pwani hulalamika likipelekwa katika udongo mgumu wa Ugogo.

Tafsiri peke yake haiponyi upungufu huu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi kubwa ya kuzitia programu huria katika Kiswahili, ikatoka Jambo OpenOffice, na msomaji akaona maneno ya lugha yake juu ya kioo. Kazi ile ilistahili sifa, kwa kuwa ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kutaja kila kitu kilichomo katika programu. Lakini kutaja ni jambo moja, na kupanga ni jingine. Jina la amri laweza kuwa la Kiswahili nayo amri ikaendelea kukata maneno kwa kisu cha Kiingereza.

Wala elimu ya kukata panapostahili haijakosekana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kutunga maelezo ya mofolojia ya Kiswahili kwa ajili ya kompyuta, akifuata njia ya ngazi mbili iliyobuniwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Programu yake huweza kulichukua neno kama nitakuandikia na kulifungua kiambishi kwa kiambishi. Kwa hiyo yote mawili yapo: maarifa ya kulichambua neno, na kihariri ambacho mtu yeyote anaruhusiwa kukifundisha. Vim yenyewe humwachia mtumiaji nafasi ya kubuni vipimo vipya vya matini. Watunga programu wameitumia nafasi hiyo kwa shida zao wenyewe: walipochoshwa na majina yaliyoungwa, mfano wa jinaLaMteja, walitengeneza vipimo vya kushika kipande kimoja cha jina. Kipande cha jina lililoungwa na kiambishi cha kitenzi ni ndugu. Waliosumbuliwa na cha kwanza walijitibu. Cha pili kinawangoja wanaosumbuliwa nacho.

Hapo ndipo mtu wa tatu, jirani, apatapo kiti chake. Ukurasa wa kwanza haukumpa, lakini sura ya nyuma yake haikumnyima. Mtunga programu wa Kizota akitengeneza kipimo cha kiambishi, akakigawa kwa wengine, atakuwa amejibu ukurasa ule bila kugombana nao. Hatakuwa mpaji wa mbali, wala mpokeaji asiyesema. Atakuwa mwandishi mwenza wa chombo ambacho kimeitaja nchi ya jirani yake. Tena kazi hiyo haimzuii kutoa sadaka kwa Kibaale. Jirani hutoa pia, ila hutoa kama mtu apelekaye unga msibani, akijua kwamba zamu yake yaweza kufika.

Moolenaar alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2023. Kazi ya kuitunza Vim ilichukuliwa na watu waliokuwa wakimsaidia, na toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, wakaliweka wakfu kwa kumbukumbu yake. Shirika la Kanada lililokuwa likisaidia kituo kilekile cha Kibaale limejipa jina la Kuwasha. Hilo ni neno la Kiswahili, kitenzi kilichochukuliwa katika hali yake ya kitenzi-jina, bila mtenda wala wakati. Katika matumizi ya kila siku neno hilo halikai hivyo daima. Mara nyingi sharti mtu alitie kiambishi, aseme ni nani anayewasha, na ni lini.